Maji Yaliyolala

Mara ya kwanza niliwaua kwa usafi.
Nataka hilo lijulikane kabla sijasema lolote.
Si uvivu, si kuwanyima chakula: usafi.
Vifaranga thelathini na mmoja wa gapi,
wembamba kama kope, macho mawili na uzi.
Niliona kioo kimeota ukungu wa kijani,
nikamwaga maji yote, nikasugua hadi kioo kikalia,
nikafungulia bomba.
Na bomba la barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
kuna asubuhi hutoa maji meupe kama tui,
yananuka dawa ya kuulia vijidudu.
Kijidudu ni nani? Dawa haiulizi.
Kufika adhuhuri walikuwa wameelea wote
kama nywele za mteja juu ya beseni.

Mimi ni kinyozi. Nywele nazijua.
Maji nilikuwa sijayajua.

Siku hizi maji yangu yanalala kwanza.
Ndoo mbili nyuma ya pazia, midomo wazi,
usiku mmoja, na usiku wa pili,
harufu iondoke yenyewe
kama mgeni aliyegundua amekosea nyumba.
Mikono nanawa kwa maji matupu:
spiriti ya kidevuni mwa Bwana Semhando,
poda, sabuni, mafuta ya nazi, vyote vibaki nje.
Nachovya kiwiko,
wanavyofanya wazazi kabla ya kumwogesha mchanga.
Kiwiko kisiposema moto wala baridi,
maji yamekubali.

Halafu natoa robo. Robo, si nusu.
Mpira wa dripu alinipa nesi Perpetua wa Bombo
("Mpya huo, usije ukasema umetoka kwa mtu"),
mdomoni nimeufunga kipande cha soksi
ili unywe uchafu, usinywe watoto.
Nauanzisha kwa kuvuta pumzi. Nimeshameza mara mbili.
Ladha yake sitaisimulia.
Kisha maji mapya yanashuka, tone,
tone,
na wateja wananuna kwenye benchi.
"Kinyozi, hao samaki wanakulipa?"

Soksi ni ya Mwajabu.
Mtoto wa dada yangu, miaka saba,
aliletwa kutoka Muheza siku ya tatu baada ya maziko,
na begi lisilojaa.
Nasi tukampokea kwa wema wetu wote.
Nywele nilimnyoa mimi, kwa mkono huu.
Shule mpya, sare mpya, kitanda kipya,
na kanga ya mama yake tuliyomkuta kaikumbatia
tukaifua kwa sabuni ya unga, mara mbili,
ikatoka inanukia maua.
Akainusa.
Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti,
na tangu hapo hakusema neno, wiki tatu.

Sikumwambia mke wangu nilichofikiri
usiku ule nimeinama juu ya ndoo.
Nilimwambia tu: kesho panda gari, nenda Muheza,
kalete kitu chochote cha nyumba ile,
ila usikifue.
Akarudi na mto wa usufi,
foronya ina doa la chai na harufu ya moshi wa kuni.
Tukauweka kitandani, tukazima taa.
Shuka mpya tuliiacha. Robo hiyo ilitosha.

Sasa kuna vifaranga wengine, kumi na tisa,
wamejificha kwenye majani ya chini,
kila mmoja na mkia wake usiojua bado rangi.
Jumamosi nilikuwa nimemwacha Bwana Semhando
kanyolewa upande mmoja,
nikakifungua zaidi kidogo kile kigurudumu cha mpira,
maana watu walikuwa wengi.
Sauti ikatoka karibu na goti langu:
"Mjomba, punguza. Unawakimbiza."

Nikapunguza.
Bwana Semhando, nusu kichwa,
akangoja.